Kutafakari ukiwa umepanda farasi, macho yakiwa wazi

Wanafunzi wangu wengi wa kupanda farasi huja uwanjani moja kwa moja kutoka kazini, msongamano wa Ngong Road jijini Nairobi ukiwa bado umewakaa mabegani. Farasi huisoma hali hiyo mara moja. Mwaka 2009 watafiti wa Uswidi walichapisha jaribio moja zuri: watu walipita na farasi njia ileile mara nne, wengine wakimwongoza kwa kamba, wengine wakiwa wamempanda. Kabla ya mara ya nne wakaambiwa kwamba safari hii mwavuli utafunguliwa ghafla. Haukufunguliwa. Hata hivyo mapigo ya moyo ya watu yalipanda, na ya farasi yakapanda pia, ingawa farasi hakuambiwa lolote kuhusu mwavuli.

Ndiyo maana hatuanzi na hatamu, tunaanza na pumzi yako. Vaa helmeti iliyofungwa vizuri kidevuni na viatu vyenye kisigino kifupi, chagua farasi mpole, na mwalimu au saisi (mtunza farasi) awe karibu. Simu mwachie mtu. Muziki wa masikioni sikubali kabisa.

Hatua ya 1: Bandani. Mwendee farasi kwa upande wa bega. Anaona karibu pande zote, isipokuwa mbele kabisa ya paji la uso na nyuma ya mkia. Simama hapo, utazame ubavu wake, pale nyuma ya mbavu, uhesabu pumzi kwa dakika nzima. Farasi aliyepumzika huvuta pumzi mara 8 hadi 16. Ukipoteza hesabu kwa sababu umekumbuka baruapepe ya bosi, anza upya. Kisha mpige brashi polepole, mkono mmoja ukiwa umelazwa mwilini mwake muda wote. Masaisi hufanya hivi kila asubuhi huku wakipiga mluzi wa chini, na hawajawahi kuliita jambo hili kutafakari.

Hatua ya 2: Kaa tu. Ukishapanda, usiondoke. Mtu amshike farasi. Tafuta mifupa miwili ya makalio juu ya tandiko: imebeba uzito sawasawa? Legeza taya, kisha vidole vya miguu. Wengi hukunja vidole ndani ya kiatu bila kujua, na goti lote hukakamaa.

Hatua ya 3: Macho. Mwalimu wa Kimarekani Sally Swift alifundisha kupanda kwa macho laini, yaani kutazama bila kukodolea kitu kimoja, na sijaona zoezi linalofanya kazi haraka kuliko hilo. Zunguka uwanja ukikodolea nguzo moja tu. Zunguka tena ukitazama upande uleule, lakini uruhusu kuonekana pia miti, uzio na masikio ya farasi. Utahisi mgongo wako ukilegea. Mafunzo mengine hukuambia ufumbe macho; ukitaka kujaribu, iwe pale tu ambapo mtu ameshika kamba ya farasi.

Hatua ya 4: Hesabu mwendo. Hapa ndipo penye kazi, usiharakishe. Farasi akitembea, kila mguu hugusa chini kwa zamu yake: nyuma kushoto, mbele kushoto, nyuma kulia, mbele kulia. Wewe fuatilia miguu ya nyuma peke yake. Mfupa wako wa kushoto ukishuka, mguu wa nyuma wa kushoto uko hewani unakuja mbele, na tumbo la farasi linayumba kuelekea kulia. Sema kimoyomoyo: kushoto, kulia, kushoto, kulia. Mwambie mwalimu atazame kama unapatia. Ukishapatia, unganisha na pumzi: ingiza hewa kwa mishuko minne, itoe kwa sita. Usijilazimishe, kama sita ni nyingi, tumia tano. Mawazo yatakuja, bila shaka. Rudi kwenye mfupa unaoshuka sasa, si ule uliopita.

Dalili kwamba farasi amekufuata ni kichwa kushuka, pua kutoa pumzi ndefu yenye sauti, na mdomo kutafunatafuna bila chakula.

Hatua ya 5: Simama kwa pumzi. Toa hewa yote, acha uzito uzame kwenye tandiko, funga vidole kidogo juu ya hatamu. Farasi wengi husimama kabla hujavuta hatamu. Asiposimama, vuta taratibu, halafu rudia.

Hatua ya 6: Mwendo wa matiti, yaani mbio ndogo za farasi. Katika mwendo huu miguu huenda miwili miwili kwa mshazari, na hapo ndipo watu husahau kupumua. Dawa yake ni kuimba. Taarabu, pambio, chochote. Anayeimba hawezi kubana pumzi.

Pikipiki ikinguruma nje ya uzio, masikio ya farasi yataelekea huko kabla ya mwili. Toa pumzi wakati huo, tazama unakokwenda, na usibane magoti.

Kwa mwanzo dakika kumi za zoezi hili zinatosha, muda uliobaki panda kama kawaida. Na farasi anayetaka kuuma kila mkanda wa tumboni unapokazwa, usimtibu kwa pumzi zako. Huenda tandiko linambana au tumbo linamuuma. Kagua tandiko, mwite daktari wa mifugo, na siku hiyo usipande.