Jinsi ya kusoma rekodi ya beki wa hoki ya barafu aliyestaafu (hata kama barafu unaijua ya kwenye soda tu)

Hapa steji yetu Busia vijana wa boda wanajua mpaka mabeki wa akiba wa timu za Uingereza, lakini juzi nimefungua kwenye simu rekodi ya Nicklas Lidström, yule beki Mswidi wa Detroit Red Wings, timu ya NHL, ligi ya hoki ya Marekani na Kanada, mmoja akachungulia akasema "mzee, misimu 20 magoli 264, huyu mbona wa kawaida." Ikabidi niokote vifuniko vya soda. Na wewe okota.

Panga sita kila upande: kipa, mabeki wawili, mafowadi watatu. Halafu wasogeze mabeki mpaka karibu na lango la wenzao, maana hoki beki halali nyuma, yeye ndo anaanzisha shambulizi na kupiga mashuti ya mbali. Kwa hiyo magoli yasikuchanganye, anza na pasi za magoli. Huyu anazo 878, ila ujue goli moja linaweza kuandikiwa pasi mbili, si kama huku kwetu.

Njoo kwenye plas-minas, hapo ndo penye utamu. Timu yako ikifunga na wewe uko uwanjani unapata moja, mkifungwa unakatwa moja (goli la kufunga wenzenu wakiwa pungufu halihesabiwi). Lidström kamaliza na +450! Tena angalia dakika za adhabu, ukicheza faulo unatolewa unakaa pembeni kwa kawaida dakika mbili, yeye ana 514 kwa mechi 1,564, piga hesabu inakuja sekunde 20 hivi kwa mechi, na hiyo ni kazi ya kukaba watu, sijui alikuwa anakaba na nini.

Ukikuta msimu wa 2004/05 hamna kitu usidhani aliumia, wenye timu walivutana na wachezaji kuhusu mishahara wakawafungia nje, ligi nzima haikuchezwa. 1994/95 pia kila timu ilicheza mechi 48 tu kwa sababu hiyohiyo.

Tuzo soma pamoja na umri. Tuzo ya beki bora, Norris, kachukua saba, ya kwanza 2001 akiwa na miaka 31, ya mwisho 2011 ana 41, mwaka uliofuata akastaafu. Kombe la Stanley, yaani ubingwa wa ligi, mara nne, na la 2008 ndo alikuwa nahodha wa kwanza aliyezaliwa na kukulia hoki ya Ulaya kulibeba. Timu ya taifa iko jedwali lingine usiisahau, fainali ya Olimpiki Torino 2006 Uswidi 3 Ufini 2, goli la ushindi lake.

Kijana wangu akatulia, akaangalia vifuniko, akakiinua kile cha nyuma kabisa. "Sasa mzee, huyu kipa alikuwa analipwa ya nini?"