Zima Sauti, Tazama Kola: Namna ya Kujua Filamu ya Ujasusi ni ya Miaka Gani

Nashona makoti ya kiume, na ugonjwa wangu ni filamu za majasusi. Nyumbani tuna mchezo. Binti yangu anachagua filamu, anaruka mwanzo wenye majina, anazima sauti, kisha ananiuliza, "Haya baba, ya mwaka gani?" Nikikosea kwa zaidi ya miaka miwili, naosha vyombo. Siku hizi sioshi mara nyingi. Ninavyofanya ni hivi.

Usihangaike na gari. Ile Aston Martin DB5 iliyotia fora kwenye filamu ya James Bond, Goldfinger, mwaka 1964 ilirudishwa kwenye GoldenEye mwaka 1995, ikarudi tena kwenye Skyfall mwaka 2012. Ukiifuata, itakuzungusha miaka hamsini. Koti halina tabia hiyo.

Subiri jasusi asimame wima, koti limefungwa, kisha simamisha picha. Chora kwa jicho mstari kutoka kwenye tai hadi ncha ya bega, uugawe nusu kwa nusu. Sasa angalia kola ya koti, ile sehemu inayolala kifuani, inaishia wapi. Isipofika nusu, uko miaka ya 60 (au baada ya 2010, nitarudi hapo). Ikivuka nusu na kukimbilia bega, ni miaka ya 70. Ikitulia kwenye nusu, endelea kutafuta. Tai nayo hufuata kola: kola ikinenepa, tai hunenepa.

Ukitaka kuzoesha jicho, anza na Dr. No ya mwaka 1962. Mwongozaji Terence Young alimpeleka Sean Connery, aliyeigiza Bond, kwa fundi wake mwenyewe jijini London, Anthony Sinclair, na kazi ya Sinclair ndiyo unayoiona: kola nyembamba, tai nyembamba ya rangi moja, bega lisilojazwa sana. Tazama kiunoni. Hakuna mkanda. Suruali inabanwa kwa vifungo vya pembeni na imepanda karibu na kitovu. Mimi mambo kama haya hunipa raha kuliko mlipuko wowote.

Lakini usidhani muongo una sura moja. Mwaka 1965 Harry Saltzman, mmoja wa watayarishaji wa filamu za Bond, alitoa The Ipcress File. Humo Michael Caine ni jasusi wa mshahara mdogo: miwani ya fremu nene nyeusi, koti la mvua, anajinunulia vyakula na kujipikia. London ileile, miaka ileile. Mmoja anavaa ndoto za wakati wake, mwingine anavaa Jumatatu asubuhi. Kola na tai, hata hivyo, zote mbili ni nyembamba.

Miaka ya mwisho wa muongo ndiyo yenye mitego. Binti yangu aliwahi kunisimamishia picha ya jasusi aliyevaa shati lenye marinda kifuani. Nikatamba: "1972!" Ilikuwa On Her Majesty's Secret Service, ya 1969. Nikaosha vyombo. Tangu hapo nikiona nguo ya muongo mpya imevaliwa kwa kujaribujaribu, yaani shati limebadilika lakini koti bado ni la jana, natoa miaka miwili au mitatu.

Miaka ya 70 hata mtoto ataijua. Kola kama mabawa, suruali inafunguka chini kuelekea bugaluu. Hapo kazi si kujua muongo, ni kujua mwanzo wake au mwisho wake, na saa ya mkononi ndiyo itakayokusaidia. Kwenye Live and Let Die ya 1973, Roger Moore, akiwa Bond, anavaa Pulsar, saa ya tarakimu nyekundu ambazo haziwaki mpaka ubonyeze kitufe. Kwenye The Spy Who Loved Me ya 1977, anavaa Seiko ya kioo kinachoonyesha saa muda wote, tena inatoa ujumbe kwenye utepe. Miaka minne tu, na ile Pulsar ya ajabu imeshakuwa ya kizamani.

Kama huoni suti kabisa, usikate tamaa. Robert Redford kwenye Three Days of the Condor ya 1975 amevaa jinzi, koti la sufu na, baadaye, koti zito la mabaharia. Anaonekana kama mwalimu wa chuo, na kazi yake kweli ni kusoma vitabu kwa niaba ya CIA. Rais Nixon wa Marekani alikuwa amejiuzulu kwa kashfa mwaka mmoja kabla, na Wamarekani wengi hawakuwa na hamu ya kumwamini mtu wa serikali aliyepiga suti. Wenye suti nadhifu humo ndio wa kuogopwa.

Miaka ya 80 tazama bega na kifungo: bega limejazwa pedi, kifungo kimeshuka, suruali ina marinda mapana. Miaka ya 90 ni hayohayo yaliyolegea, na kompyuta ya kupakata mezani. Sina mengi ya kusema, sikuipenda.

Sasa ule mtego wa kola nyembamba. Dr. No na Skyfall zimepishana miaka hamsini, na ukitazama kola peke yake unaweza kuzichanganya. Shuka chini ya kifungo. Kwenye suti ya 1962 koti linafunika makalio, na kwa kuwa suruali iko juu, huoni shati chini ya kifungo. Kwenye suti ya 2012 koti ni fupi, suruali imeshuka, na pembetatu nyeupe ya shati inachungulia. Kifungo chenyewe kinavuta kitambaa mpaka mikunjo inachora herufi X. Mteja akitoka kwangu hivyo, ningelifumua koti usiku huohuo, lakini ndivyo walivyotaka.

Filamu inayosimulia zamani inahitaji subira. The Man from U.N.C.L.E. ilitoka mwaka 2015 na inasimulia 1963, lakini mavazi ya kike humo yana mitindo iliyotamba katikati ya muongo ule. Mambo ya miaka kumi yakikutana kwenye chumba kimoja, jua kuna mtu aliyeitazama kutoka mbali.

Ukikwama kabisa, mwache jasusi. Suti yake imeshonwa asichuje upesi. Tazama wapita njia nyuma yake: mwanamke anayevuka barabara na mkoba, kijana aliyeegemea kibanda cha simu, nywele za mhudumu wa hoteli. Hao hakuna aliyewapamba kwa ajili ya miaka ijayo.

Siri hii nilimwambia binti yangu mwenyewe. Sasa akisimamisha picha, anafunika wapita njia kwa daftari.