Somo: Nakshi ya mkeka kwa Python, kisha kuisuka

Naulizwa jambo hili hili inboksi hadi nimechoka. Atakayeuliza tena namtumia linki.

1. Weka Python. Hata ya kwenye simu inatosha.

2. Kata tepe za karatasi: 16 za mtande (zinazosimama), 12 za mshindio (zinazopita kuukata mtande), rangi mbili. Ukindu baadaye.

3. Andika lupu (amri ya kurudia) mbili: s ya mshindio nje, m ya mtande ndani. Zote zianzie 0.

4. Kanuni: (m + s) % 4 < 2. Alama % hutoa baki ya kugawanya. Kanuni ikiwa kweli chapa #, yaani mtande uko juu. Sivyo, chapa nukta.

Hapa ndipo watu wanapolia. Ukiisahau s, kioo kitakuonyesha milia mizuri iliyonyooka, utaituma hadi kwenye grupu. Haya, isuke. Kila mshindio unapita njia ya mwenzake, hakuna kinachoubana, ukiinua mkeka vyote vinaachana. Kompyuta haina habari. Ni s inayosogeza kila mstari hatua moja ndipo msuko ushikane. Na % 12 < 6 msiniletee eti inapendeza: tepe linaruka mitande sita bila kushikwa, mtoto atalivuta kwa kidole. Kabla ya kusuka shuka kila safu kwa macho. Lazima ikutane na # na nukta pia.

5. Soma kwa sauti, juu mbili, chini mbili, huku unasuka.

Kijana_Arua: Yangu imeachia yote. Kanuni yako mbovu.

— Ina s?

Kijana_Arua: Haina.

— Aya nzima nimeiandikia nani?

MamaVikapu: Na kikapu cha duara? Mshindio ni mmoja, unazunguka tu.

— Hilo ndilo swali, dada. Hapo s haipo. Hesabu moja n inapanda bila kurudi 0, na kanuni ni n % 4 < 2. Fito za kusimama ndizo zinazoamua. Zikiwa 20, kila mzunguko unarudia njia ileile, hupati kikapu. Zikiwa 21, mzunguko unasogea hatua moja na mshazari unajitokeza wenyewe. Weka 23, mshazari unageukia upande wa pili. Ndiyo maana kwa moja juu moja chini wasukaji huweka fito witiri.

Mwl_Jinja: Kweli kompyuta ilitokana na ufumaji?

— Nusu kweli, mwalimu. Kwenye mtambo wa kufumia wa Jacquard, Ufaransa, 1804, kadi zilitobolewa: penye tundu uzi unapanda, pasipo tundu unabaki. Babbage, mwanahisabati Mwingereza, aliziazima kadi hizo kwa mashine yake ya hesabu, ambayo haikukamilika. Mwaka 1843 Ada Lovelace, mwanahisabati mwenzake, akaandika kwamba mashine hiyo ingefuma aljebra kama mtambo wa Jacquard unavyofuma maua na majani.

Bombo_Kwetu: Zambarau yangu inachujia nyeupe.

— Suuza ukindu uliotiwa rangi mpaka maji yatoke safi, anika kivulini. Siku ya kusuka ufunge kwenye kitambaa kibichi, mkavu unapasuka.

MamaVikapu: Ila usiulaze kwenye kaveera (mfuko wa plastiki). Asubuhi utakuta ukungu.