Somo: Hipu ya Java, na kwa nini GB 31 huweza kuishinda GB 35

Hipu ni sehemu ya memori ambamo programu ya Java huweka objekti zake. Wengi wakikutana na OutOfMemoryError (kosa la memori kuisha) hupandisha -Xmx, yaani kikomo cha ukubwa wa hipu, basi. Nami nilikuwa hivyo hivyo. Kabla ya kupandisha, fuata hatua hizi. Nazungumzia HotSpot (mashine pepe inayoendesha programu za Java) ya biti 64, Java 11 hadi 21.

Hatua ya 1. Washa logi ya mzoataka (garbage collector, anayeondoa objekti zisizofikika tena): `java -Xlog:gc`. Utaona mistari yenye kitu kama `24M->4M(254M)`: kilichokuwemo, kilichobaki, na ukubwa wa hipu. Macho yako yawe kwenye kilichobaki. Kikizidi kupanda siku nzima bila kushuka, kuna objekti zinashikiliwa mahali, na memori utakayoongeza itajaa vilevile.

Hatua ya 2. Jua uzito wa objekti. Kichwa chake huchukua baiti 12, kisha ukubwa wote hupandishwa hadi kigawe cha 8. Objekti tupu ni baiti 16. Yenye int moja (baiti 4), 16 pia. Yenye long moja (baiti 8) ni 24.

Hatua ya 3. Sasa panga -Xmx, lakini usiivuke GB 32 kwa kiasi kidogo tu. Chini ya hapo rejeo (anwani inayoelekeza kwenye objekti) ni baiti 4, yaani biti 32; ukivuka, kila rejeo huwa baiti 8. Programu yenye orodha na ramani nyingi ikipewa GB 35 inaweza kubeba objekti chache kuliko ilivyobeba kwenye 31. Ama baki chini, ama ruka mbali.

Maswali

– Mwalimu, biti 32 si zinaishia GB 4? Hiyo 32 imetoka wapi?
Swali zuri. Kwa kuwa kila objekti huanzia kwenye kigawe cha 8, biti tatu za mwisho za anwani ni sifuri daima. HotSpot haizihifadhi; huzirudisha inaposoma. GB 4 mara 8.

– Nikiita System.gc() je?
Hilo ni ombi, na likikubaliwa linaweza kuisimamisha programu yako yote. Liache.

– Mzoataka yupo, memori inavujaje tena?
Yeye hajui unachohitaji. Anajua tu kinachofikika, akianzia kwenye staki za nyuzi (memori ya kazi zinazoendelea) na vigezo vya static (vya klasi yenyewe, si vya objekti moja). Ramani ya static unayoijaza bila kuipunguza inafikika muda wote. Piga `jmap -histo` (huorodhesha idadi ya objekti za kila klasi) mara mbili kwa nafasi ya saa moja, ulinganishe.