Somo: Kompyuta za maabara kugawiana masasisho ya Windows ili kuokoa bando

Kompyuta 20 zikipakua kila moja sasisho la GB 1.5, bando linakatwa GB 30 kwa faili lile lile. Delivery Optimization, huduma iliyomo ndani ya Windows 10 na 11 ya kompyuta kugawiana masasisho, inapunguza hasara hiyo. Seva ya Microsoft inabaki na orodha ya vipande vya faili na hashi (alama za kipekee) za kuvihakiki, ila vipande vyenyewe kompyuta huvichukua kwa jirani, yaani kompyuta nyingine iliyo navyo. Hata majirani hutambulishwa na huduma ya Microsoft, hivyo intaneti ikikatika usitegemee mgao.

Hatua ya 1: Kundi. Kwenye Windows Pro fungua gpedit.msc (kihariri cha sera za Windows), nenda Computer Configuration, Administrative Templates, Windows Components, Delivery Optimization. Download Mode weka Group (2). LAN (1) hukusanya wote wanaotokea intaneti kwa anwani moja ya nje, na watoa huduma wengi huwapa wateja kibao anwani moja. Kundi ni salama zaidi. Kwa Group ID (kitambulisho cha kundi), andika New-Guid, amri ya kutengeneza kitambulisho cha kipekee, kwenye PowerShell (dirisha la amri la Windows) mara moja tu, jibu hilo hilo ubandike kote. Ukitengeneza jipya kila mashine, kila mashine inakuwa kundi la peke yake.

Hatua ya 2: Njia. Kwenye firewall (ukuta wa kinga wa kompyuta) ruhusu TCP 7680, mlango ambao mgao hupitia, inayoingia, mtandao wa ndani tu. Kutoka mashine nyingine pima kwa PowerShell (192.168.1.15 ni mfano, weka anwani ya mashine unayoipima):

Test-NetConnection 192.168.1.15 -Port 7680

TcpTestSucceeded ikisema False, usiendelee. Firewall ikiwa sawa, kagua ruta: AP isolation ikiwashwa, vifaa vya Wi-Fi vinapata intaneti vizuri lakini havionani.

Hatua ya 3: Zamu. Hapa ndipo wengi wanakwama. Zote zikianza pamoja, hakuna mwenye cha kumpa mwenzake. Kwenye gpedit hapo hapo, weka Delay background download from http iwe sekunde 3600, ili mashine zitafute kwa jirani kwanza kabla ya kupakua kutoka intaneti. Kisha mashine moja iliyo kwenye waya ibonyeze Check for updates kwa mkono. Upakuaji wa kubonyeza hausubiri muda huo. Ikimaliza iache ikiwaka, halafu washa nyingine.

Hatua ya 4: Vipimo. Kwenye PowerShell andika Get-DeliveryOptimizationStatus, linganisha BytesFromPeers (zilizotoka kwa majirani) na BytesFromHttp (zilizotoka intaneti).

Maswali ya wanachama

*Mkuu, 7680 iko wazi lakini BytesFromPeers ni 0. Shida nini?*
Angalia RAM na diski. Kwa mpangilio wa kawaida, mashine yenye RAM chini ya GB 4 au diski chini ya GB 32 haishiriki. Viwango hivyo vinashushwa hapo hapo kwenye gpedit. Laptop inayotumia betri haigawi, na iliyo kwenye VPN pia huachwa nje.

*Sisi tuna Windows Home, gpedit haipo.*
Settings, Windows Update, Advanced options, Delivery Optimization, kisha Devices on my local network. Kundi na kuchelewesha hutavipata, kwa hiyo zamu uzipange kwa mkono: moja kwanza, nyingine baadaye.

*Jirani mwenye virusi si ataniambukiza?*
Si kwa njia hii. Kila kipande hupimwa kwa hashi iliyotoka Microsoft. Kisicholingana kinatupwa na kupakuliwa upya.

*Hayo mafaili hayajazi diski?*
Akiba haizidi 20% ya nafasi iliyopo, na hufutwa baada ya siku 3. Maabara inayofunguliwa mara moja kwa wiki iongeze Max Cache Age (muda wa kutunza akiba, hapo kwenye gpedit) hadi sekunde 604800, la sivyo wiki ijayo mnaanza kununua upya.