Mbolea ya Njiru na chaza wa Pwani

Ukilima sukuma wiki kando ya Mto Nairobi, pale Njiru au Ruai, maji yanayotoka shambani mwako yana safari ndefu. Huingia Athi, Athi huitwa Galana, Galana huitwa Sabaki, kisha humwagika baharini kaskazini mwa Malindi. Msimu wa mvua bahari ya huko hugeuka rangi ya chai ya maziwa. Ule ni udongo wa bara, na wako umo.

Kwenye milango ya mito na hori za Pwani, yaani mikono ya bahari iingiayo nchi kavu, chaza (oyster) hushika miamba na mizizi ya mikoko. Hatembei kutafuta chakula. Hufungua gamba, huvuta maji, na matamvua yake hunasa vijimea vidogo. Asichokitaka hukifunga kwa ute na kukitema, kikazama. Maji hutakata, jua likafikia nyasi za baharini. Kwenye tope lililo chini ya chaza, bakteria hugeuza sehemu ya nitrojeni kuwa gesi inayorudi hewani. Chaza mkubwa wa pwani ya mashariki ya Marekani aweza kuchuja hadi lita 190 kwa siku hali ikiwa nzuri. Wa kwetu ni mdogo, tusimpe sifa za jamaa yake.

Ila ana kikomo. Udongo ukizidi, hufunga gamba na kuacha kula. Tope likifunika mwamba, watoto wake hukosa pa kushika. Nitrojeni na fosforasi zikizidi, vijimea hufumuka, hufa, na kuoza kwake humaliza oksijeni majini.

Kwa hiyo usitie CAN, mbolea ya nitrojeni ya kukuzia, wingu likiwa limefunga. Igawe mara mbili, iweke karibu na shina, ifukie. Kabla ya hapo pima udongo, maabara ya KALRO, shirika la utafiti wa kilimo na mifugo, iko Kabete tu. Wengi wetu hutia DAP, mbolea ya kupandia yenye fosforasi, kwa mazoea tu bila kupima. Samadi isirundikwe ukingoni. Acha angalau mita 6 kutoka mtoni, upande nyasi za nepia. Najua shamba la mjini ni dogo na mita 6 zinauma, lakini nepia ina wanunuzi, wenye ng'ombe hawakosekani.

Na ukishuka Mtwapa ukaletewa chaza, uliza walitolewa hori gani, tena waive vizuri. Vijidudu vya maji taka hubaki mwilini mwao. Metali nzito nazo hubaki, na hizo hata moto hauziondoi.