Kuikamua paneli ya sola chini ya jua la Mombasa: jitengenezee kontrola ya MPPT

Paneli ya wati 150 iliyo juu ya banda langu hapa Kongowea haijawahi kutoa wati 150, na siitarajii. Saa saba mchana, mabati yakishika moto, seli hufika nyuzi 60, na seli zikichemka volti hushuka. Kibandiko cha nyuma kinasema volti 18.2 za kazi na 22.3 bila mzigo, lakini hizo zilipimwa seli zikiwa nyuzi 25. Mimi juani nasoma 20 bila mzigo, na kilele cha nguvu nakikuta kwenye 15.6 hivi.

Piga hesabu kabla ya kununua chochote. Kontrola ni kifaa kinachokaa kati ya paneli na betri. Ile ya kawaida, ya PWM, huifunga paneli kwenye betri moja kwa moja, kwa hivyo paneli hulazimika kufuata volti za betri: 12.8 mara ampea 8.3, wati 106. Ile ya MPPT, yaani inayofuata kilele cha nguvu, huiacha paneli ikae kwenye kilele chake, wati 128, kisha hushusha volti na kupandisha ampea. Ukitoa kinachopotea njiani, betri hupata kama 121. Faida ni wati 15. Anayekuahidi asilimia 30 kwa paneli ya seli 36 katika joto letu anakuuzia hewa. Ila kama una paneli ya seli 60, ile ya volti 30, na betri yako ni ya 12, PWM itakutupia karibu nusu ya nguvu. Hapo hakuna mjadala.

Hatua ya 1: Vifaa

Arduino Uno (kompyuta ndogo itakayoendesha programu), kihisi cha mkondo ACS712 cha ampea 20, mosfeti (swichi za umeme) mbili za IRF3205, IR2104 ya kuziendesha, koili ya maikrohenri 47 inayostahimili ampea 20, kapasita, na fyuzi ya ampea 15 upande wa betri. Weka daiodi kubwa ya Schottky kwenye waya wa paneli, la sivyo usiku betri itairudishia paneli chaji uliyoitafuta mchana kutwa.

Hatua ya 2: Pima sawasawa

Gawa volti za paneli kwa resista za kilo-omu 100 na 20, upate moja ya sita. Arduino husoma vipande 1,024 tu, na kwa kihisi hiki kipande kimoja ni kama ampea 0.05. Zidisha kwa 15.6: robo tatu ya wati. Yaani badiliko dogo kuliko hilo kontrola haiwezi kuliona kwa kusoma mara moja. Soma mara 64, chukua wastani, kisha linganisha na mita ya mkononi. Wengi hulaumu programu wakati kosa liko hapa.

Hatua ya 3: Usianzie sifuri

D ni sehemu ya muda ambao mosfeti ya juu inapitisha umeme. Nikiendesha kwa kilohezi 50, Arduino hunipa ngazi 320 za D. Mara ya kwanza nilianza na D ya sifuri nikipanda polepole, nikidhani huo ndio uangalifu. Mosfeti zikapasuka, na mama wa mahamri jirani akaniuliza, “Waunguza nini, fundi?” Kumbe D ikiwa ndogo mno mtambo hugeuka: unavuta betri na kupandisha volti upande wa kapasita ya kuingilia. Daiodi inazuia volti hizo zisitorokee kwenye paneli, basi zikarundikana hadi zikapita 55 ambazo mosfeti huvumilia. Mita yangu ilikuwa upande wa paneli, sikuona kitu.

Sasa nafanya hivi: zima IR2104 kwa pini yake ya kuzimia, SD, soma volti za paneli bila mzigo, zidisha kwa 0.78. Kilele hukaa jirani na hapo. Kwa 20 napata 15.6, na D ya kuanzia ni 12.8 gawanya kwa 15.6, yaani 0.82. Sakafu ni 12.8 kwa 20, yaani 0.64, programu isishuke chini yake kamwe. Juu usivuke 0.97, kwani IR2104 huhitaji nafasi ya kujichaji.

Hatua ya 4: Sukuma, utazame

soma P (wati za paneli)
kama P < P_ya_kabla: mwelekeo = -mwelekeo
D = D + mwelekeo × 3
P_ya_kabla = P
subiri milisekunde 100

Ni hayo tu. Ngazi tatu ni karibu asilimia moja. Ukitumia ngazi moja, badiliko hupotea ndani ya makosa ya kipimo na kontrola hutangatanga kama mlevi. Ukitumia kumi, itarukaruka kileleni na kumwaga nguvu. Ipo njia nyingine ya kulinganisha dI/dV na −I/V (I ni ampea, V ni volti, d ni badiliko lake), ambayo vitabuni inapendeza, lakini kwa vipande 1,024 unagawanya kwa namba ndogo isiyoaminika. Niliiacha.

Shida ya kweli huja na kusi, mawingu yakipita mbio. Jua likiongezeka, kontrola hudhani msukumo wake ndio ulioleta wati, inaendelea kwenda upande usiofaa. Fanya kama nahodha anayetaka kujua kasia linasukuma kiasi gani: huliachia kwanza aone mkondo wa maji peke yake. Pima P, subiri milisekunde 100 bila kugusa D, pima tena. Tofauti hiyo ni ya jua. Itoe kwenye tofauti utakayopata baada ya kusukuma.

Kivuli cha mnazi au tangi la maji ni habari nyingine. Nusu ya paneli ikifunikwa, vilele huwa viwili, na kilele cha pili hushuka chini ya volti za betri, na kontrola hii haiwezi kukifikia. Hamisha paneli.

Hatua ya 5: Betri ikijaa

Betri ya risasi ikigonga 14.4, acha kutafuta kilele, punguza D hadi volti zitulie. D ikigonga sakafu, zima IR2104 kwa SD. Betri ikiwa na joto, punguza kama milivolti 24 kwa kila nyuzi inayozidi 25.

Hatua ya 6: Jaribu

Saa sita, mbingu ikiwa nyeupe, simamisha programu na usogeze D kwa mkono ngazi sita kila upande. Wati zikipanda upande wowote, kontrola haijafika kileleni: rudi hatua ya pili na mita mkononi, kabla hujagusa mstari wowote wa programu.